Eti mtu mwaminifu hatapeliki?

SWALI: Mimi na mume wangu tumekuwa tukiangalia Hustle, ile tamthilia ya Waingereza kuhusu matapeli wa London, kila usiku watoto wakishalala. Nampenda Mickey kupita kiasi. Mwezi uliopita mama yangu alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa shule anayosoma mwanangu. Akamwambia mtoto ameanguka, yuko hospitali, na pesa inatakiwa sasa hivi ili ahudumiwe. Mama akatuma shilingi 380,000. Mtoto alikuwa darasani, mzima kabisa. Nilipomsimulia mume wangu, akanijibu kwa maneno ya Mickey: mtu mwaminifu hatapeliki, anayelizwa ana tamaa zake. Tangu siku hiyo mama hataki habari hiyo itajwe, nami sina raha na mume wala na tamthilia. Nani yuko sahihi? Na mbona bado nampenda Mickey? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, mpe mama pole zangu. Umeuliza mawili, na la pili ndilo gumu. La kwanza nakujibu papo hapo: shemeji amekosea. Ila hajakosea kijinga. Msemo alioazima una ukweli wake, tena mkubwa, lakini si ule anaoudhania yeye. Nimefundisha uandishi wa tamthilia za televisheni kwa miaka mingi, na Hustle ni moja ya kazi ninazozifungua mbele ya wanafunzi kama fundi anavyofungua redio. Niruhusu basi nianzie ndani ya redio, kwa mama tutafika.

Hustle ilianza kuonyeshwa BBC One Februari 2004 na ikaisha Februari 2012: misimu minane, kila msimu sehemu sita. Aliyeibuni, Tony Jordan, alikuwa ameandika EastEnders, tamthilia ndefu ya mfululizo ya BBC, kwa miaka mingi kabla yake, na nadhani huko ndiko alikojifunza kwamba mtazamaji humsamehe mhusika karibu kila kitu isipokuwa kumwonea mnyonge. Kundi lenyewe unalijua. Mickey Bricks, akiigizwa na Adrian Lester, ndiye kichwa. Albert Stroller, mzee wa Kimarekani wa Robert Vaughn, ndiye anayemnusa mtu wa kutapeliwa na kumleta. Stacie na Danny Blue wanaingia pale panapohitajika uzuri au ulimi. Halafu yupo Ash wa Robert Glenister, fundi wa vifaa, ambaye ana ufa wa zamani kwenye fuvu na anaufanya mtaji: anajitupa mbele ya gari, picha ya eksirei inaonyesha ufa, mwenye gari analipa. Wanafunzi wangu humpenda Ash kuliko Mickey. Mimi pia.

Sasa chukua sehemu yoyote ya msimu wa kwanza uitazame tena, safari hii ukiwa na saa. Kabla Mickey hajamgusa mtu, mwandishi ameshamhukumu mtu huyo. Utamwona akimdharau mhudumu, akimnyanyasa mfanyakazi wake, au akicheka juu ya mali aliyoipata kwa kumkandamiza mwingine. Dakika chache tu, lakini zinatosha: moyo wako umeshaunga mkono wizi kabla wizi haujaanza. Kinachobaki ni kuusubiri.

Kisha Mickey anageuka na kukutazama wewe. Katika misimu ya mwanzo hasa, ulimwengu mzima unasimama tuli, watu wameganda na glasi zao mkononi, na matapeli wanatembea katikati yao wakikueleza mpango. Ukiwaona wanakueleza, hesabu kuwa umeshaingizwa kundini. Umekuwa mtu wa sita. Na mtu wa sita hamshitaki wa kwanza.

Lakini ngoja, hapohapo mwandishi anakuibia na wewe. Amekuonyesha mpango karibu wote na kuficha kipande kimoja. Mambo yanaharibika, polisi wanaingia, Mickey anaonekana amekwisha, halafu dakika za mwisho tunarudishwa nyuma kuonyeshwa kile kipande: polisi walikuwa wao, damu ilikuwa rangi, kila kitu kilipangwa. Kila sehemu ina watu wawili waliolizwa, tajiri aliyepoteza pauni na wewe uliyepoteza saa moja. Wewe unafurahi kwa sababu ulikuja hapo ukitaka kudanganywa. Mama hakuja kwenye simu ile akitaka kudanganywa, na hapo ndipo njia ya Mickey na njia ya yule mwalimu wa uongo zinapoachana.

Turudi kwenye msemo wa shemeji. Hakuutunga Tony Jordan. Ni msemo wa matapeli wenyewe, wa zamani, na umetokea kwenye kazi yao. Jina la Kiingereza la tapeli wa aina hii, confidence man, lenye maana ya mtu wa imani, lilishika mwaka 1849 New York, alipokamatwa mtu aliyeitwa William Thompson. Alikuwa anavaa vizuri, anamsogelea mpita njia kama vile wanafahamiana, wanazungumza kidogo, kisha anamuuliza: je, unaniamini kiasi cha kuniachia saa yako hadi kesho? Watu walimpa. Angalia hapo, hakuna tamaa hata chembe. Mwenye saa hakuahidiwa faida yoyote. Alichokuwa nacho ni haya ya kumwambia muungwana usoni kwamba simwamini.

Msemo ulikuja kunoga baadaye, matapeli walipokua na kuwa na mitaji. Mwaka 1940 profesa mmoja wa isimu wa Marekani, David Maurer, alitoa kitabu kuhusu lugha yao, The Big Con, na karibu kila utapeli mkubwa unaouona kwenye Hustle una babu yake humo. Alieleza, kwa mfano, mchezo wa farasi. Tajiri anakutana na mtu kwenye treni au hotelini, mtu anayejua kuvuta. Anapelekwa kwa mtu wa pili, wa ndani, anayedai ana ndugu kwenye ofisi ya simu za maandishi anayeweza kuchelewesha matokeo ya mbio za farasi. Maana yake utajua mshindi kabla ya wachezeshaji kamari, na utaweka pesa kwenye jambo ambalo limeshatokea. Anaonjeshwa kwanza: anaweka kidogo, anashinda. Anaenda nyumbani kuleta kikubwa. Ukumbi wenyewe, makarani, wateja wanaopiga kelele, wote ni waigizaji wa kukodi. Siku ya kikubwa, kosa dogo linatokea, na pesa inakwenda.

Sasa jiulize, tajiri huyo ataenda kumwambia nini polisi? Kwamba alikuja mjini kuwaibia wacheza kamari kwa matokeo ya wizi, naye akaibiwa? Kinywa chake kimefungwa na mkono wake mwenyewe. Hiyo ndiyo siri ya ule msemo. Maana yake halisi kwa mtapeli wa enzi zile ni kwamba aliyeingia kwa mlango wa wizi hawezi kutoka kwa mlango wa polisi. Ilikuwa bima ya kazi. Nani anatapelika na nani hatapeliki halikuwa swali lao hata kidogo.

Sisi tuliijua bima hiyo kabla ya Maurer. Unamkumbuka Abunuwasi na sufuria ya jirani? Aliiazima, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akasema imezaa. Jirani alijua fika kwamba sufuria haizai, akapokea akanyamaza. Siku nyingine Abunuwasi akaiazima tena, hakuirudisha, akasema imekufa. Jirani akaenda kulalamika, akaulizwa: ulipokubali kwamba imezaa, unakataaje kwamba imekufa? Tony Jordan angeweza kuajiriwa na Abunuwasi bila usaili.

Kwa hiyo shemeji amechukua kanuni ya kuchagua mtu asiyeweza kulalamika, akaigeuza kuwa hukumu juu ya kila aliyelizwa. Ni makosa makubwa, na tuna ushahidi kutoka jirani kabisa na Hustle. Tamthilia hii ilipopendwa, BBC Three ilianzisha mwaka 2006 kipindi cha kweli kilichoitwa The Real Hustle, ambapo wataalamu watatu waliwatapeli watu mitaani mbele ya kamera za siri, kisha wakawarudishia vitu vyao na kueleza mbinu. Mmoja wao, Paul Wilson, alikaa na Frank Stajano, mtafiti wa usalama wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakachambua utapeli mwingi uliofanyika kwenye kipindi na kuuliza: ni udhaifu gani hasa wa binadamu unaotumika? Walianza kuchapisha majibu yao 2009 na wakayarekebisha baadaye. Walipata kanuni saba. Kuhadaiwa macho na akili. Kumtii anayeonekana na mamlaka. Kufuata kundi. Uchafu wetu wenyewe, ndio huo wa sufuria iliyozaa. Wema. Haja na tamaa. Na haraka.

Hesabu mwenyewe. Uchafu wa mtu ni mmoja kati ya saba, na kwenye tamaa wenyewe waliweka neno haja mbele, kwa kuwa mwenye njaa na mwenye uchu huvutwa na kamba moja. Sasa ipitishe simu ya mama kwenye hizo saba. Mwalimu: mamlaka. Mtoto hospitali: hofu inayofunga akili isione kingine. Sasa hivi, ili ahudumiwe: haraka. Kumsaidia mjukuu: wema. Kanuni nne kwa pigo moja, na hakuna hata moja ambayo ni dhambi. Mtu pekee ambaye simu hiyo isingempata ni bibi asiyempenda mjukuu wake.

Mimi, kwa upande wangu, niliwahi kununua simu mtaani Kariakoo kwa bei ambayo hata kichaa angejua si ya halali. Kijana alinionyesha simu nzuri, akaifunga kwenye karatasi mbele ya macho yangu, akaangalia huku na huku kana kwamba polisi wanakuja, akanisukumia kifurushi. Nilifungua nikiwa kwenye daladala. Kipande cha mche wa sabuni, kimekatwa kwa ustadi, uzito uleule. Mimi ndiye mtu wa msemo wa shemeji! Nilijua simu ile imeibwa, nikafurahi, na nisingeweza kwenda kituoni. Kwa hiyo mwambie ukitaka mfano wa mwenye tamaa usimguse mkwe, upo wa kwangu, na sabuni ile tulifulia.

Kama anataka kujua haiba ya tapeli inafanyaje kazi nje ya skrini, asome habari za Robert Hendy-Freegard. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa mhudumu wa baa katika mji wa Newport, Shropshire, karibu na chuo cha kilimo. Aliwaambia wanafunzi kwamba yeye ni jasusi wa MI5, kwamba magaidi wa IRA wako chuoni, na kwamba maisha yao yako hatarini. Wakamfuata. Walihama nyumba hadi nyumba kwa miaka, wakafanya kazi na kumkabidhi mishahara, wakaomba pesa kwa wazazi. Walikuwa vijana wa kawaida walioogopa, na waliotaka kuwalinda wenzao. Mwaka 2005 alihukumiwa kifungo cha maisha, ingawa 2007 mahakama ya rufaa ilitengua hatia ya utekaji nyara na kifungo hicho kikaondoka nayo. Haiba yake haikufanana na ya Mickey hata kidogo: haikuwa suti wala tabasamu, ilikuwa uwezo wa kumtenga mtu na kila anayeweza kumwambia hebu tulia kwanza. Ile simu ya mama nayo, nina hakika, haikukatwa hadi muamala ulipokamilika. Ni mbinu ileile, ila imebanwa ndani ya dakika kumi.

Nikupe sasa silaha kutoka ndani ya tamthilia yenyewe. Eddie. Yule mwenye baa wanakokutana, akiigizwa na Rob Jarvis. Ni mpole, anafungua baa yake, anauza vinywaji vyake. Na wanafanya nini? Wanamwekea dau la kijinga la njiti za kiberiti na glasi, wanampumbaza, wanakunywa bure, deni halilipwi. Karibu kila wanapokuwa kwa Eddie, Eddie analizwa. Mtu mwaminifu kuliko wote kwenye Hustle ndiye anayetapeliwa mara nyingi kuliko wote. Mwandishi aliweka kicheko hicho palepale chini ya pua ya kanuni ya Mickey, na sidhani kama kilimponyoka. Tony Jordan anajua kanuni ile ni ya uongo. Anatuchezea.

Ndiyo maana bado unampenda Mickey, dada. Umemjua tangu utotoni ukiwa kwa bibi, alikuwa anaitwa Sungura. Sungura hamwibii kuku. Anamdanganya Fisi mwenye ulafi na Simba mwenye mabavu, nasi tunacheka kwa sababu kwa mara moja akili imeshinda meno. Hustle ilivaa ngozi hiyo ikaenda nayo mbali: msimu wa nne, ambao Lester hakuwepo, unaanza na wenzake wakiwa Los Angeles wakimuuzia tajiri wa Texas, akiigizwa na Robert Wagner, lile bango la Hollywood. Hiyo ni salamu kwa Victor Lustig, aliyeuza Mnara wa Eiffel kama chuma chakavu mwaka 1925. Mnunuzi wa mnara huo aliona aibu, akanyamaza. Unaona bima inavyorudi?

Hakuna ubaya kumpenda Sungura. Ubaya unaanza pale mtu anapomsikia kuku analia na kudhani ni Fisi.

Na hapa niwe mkali kidogo kwa shemeji. Mwaka 1952 mwanasosholojia Erving Goffman aliandika makala kuhusu hatua ya mwisho ya utapeli, ambayo televisheni haina muda nayo. Baada ya pesa kwenda, mmoja wa matapeli hubaki nyuma na aliyelizwa. Kazi yake ni kumpoza: kumfanya akubali hasara, aone aibu kiasi, asipige kelele. Matapeli wa zamani walitenga mtu mzima kwa kazi hiyo. Yule aliyempigia mama hakuhitaji kumtenga yeyote. Maneno ya shemeji yamefanya kazi yote, bure, na matokeo unayaandika mwenyewe: mama hataki habari itajwe. Namba iliyompigia bado inapiga kwa mabibi wengine.

Waingereza wenyewe wameshaachana na fikra hiyo kisheria. Hustle ilipoanza, kosa kuu lilikuwa kujipatia mali kwa hila, na mahakamani ilibidi kuonyesha kwamba mtu amedanganyika kweli. Sheria ya Ulaghai ya 2006, iliyoanza kutumika Januari 2007 Uingereza na Wales, inamtazama mdanganyaji: ukitoa maelezo ya uongo kwa nia ya kujinufaisha, kosa limekamilika, hata kama hakuna aliyeyaamini. Tangu Oktoba 2024 benki za huko zinalazimika kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akatuma pesa mwenyewe, hadi pauni 85,000 kwa kila dai, isipokuwa katika mazingira machache. Mzembe wa kawaida analipwa. Hakuna dodoso la kumuuliza kama alikuwa na tamaa.

Kwenu nyumbani, anzeni na hili: tumeni ile namba kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kwa ajili ya wanaofuata, na piga simu kwa mtandao uulize kama kuna salio lililobaki upande wa pili. Kisha kubalianeni na shule juu ya mtu mmoja tu wa kuwapigia wazazi, na namba yake mama aiandike ukutani kwa herufi kubwa. Mweleze mama zile kanuni nne kwa utaratibu. Nimeona watu wazima wakinyooka mgongo wanapoambiwa kwamba walipigwa na ufundi na si na ujinga wao.

Kwa shemeji, mtafutie tamthilia ya BBC ya 2023 yenye sehemu tano, The Following Events Are Based on a Pack of Lies. Alistair Petrie ni tapeli mwenye haiba ya kutosha kumvutia yeyote, ila safari hii kamera iko kwa wanawake aliowaliza: mke aliyeachiwa hasara mume akatoweka, anayekuja kumwona barabarani baada ya miaka mingi, na mwandishi maarufu anayeanza kunaswa. Utaona tabasamu lilelile la Mickey kutoka upande linakotazama. Linatisha.

Halafu rudini kwenye msimu wa kwanza wa Hustle, wote wawili. Mpe shemeji kalamu na karatasi, amwandikie Eddie kila kinywaji ambacho hajalipwa.